Maswali yenu: njia ya kuwa rubani wa jeshi

*Kaka, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, Katuba. Nitafute kwanza leseni ya kiraia, au niingie jeshini moja kwa moja?*

Mdogo wangu, jiulize kwanza kama unautaka uaskari wenyewe, maana ndege inakuja nyuma. Maafisa wetu wa Kongo wanafundishwa kwenye Akademi ya Kijeshi ya Kananga, na majeshi mengi huwachagua marubani miongoni mwa maafisa. Gwaride kwanza. Kisha darasa, ndege ndogo ya mafunzo, siku ya kuruka peke yako, kuruka kwa kutazama vyombo tu. Mwishoni wakufunzi ndio wanaoamua kama wewe ni wa ndege za kivita, za mizigo au helikopta. Ukikataa kuwa wa mizigo, umechagua njia isiyo yako.

Leseni ya kiraia ya kazi, kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inadai saa 200 za kuruka, au 150 kwenye kozi maalumu iliyoidhinishwa, na kila saa ina bei. Jeshini Serikali inalipa, nawe unarudisha kwa miaka: katika jeshi la anga la Marekani, rubani akishapata mabawa, yaani beji ya kuhitimu, anadaiwa miaka 10 ya utumishi. Kama moyo wako uko kwa abiria, nakusihi usipite jeshini kwa kutafuta unafuu.

*Mwanangu anavaa miwani. Amekwisha kushindwa? (Mama, Kampemba)*

Hapana, Mama. Kwa urubani wa kiraia miwani inakubaliwa ikirekebisha macho vizuri. Majeshi hukaza zaidi, kila moja kwa kipimo chake. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni rangi. Atafunguliwa kitabu chenye miduara ya vitone vya rangi, na ndani ya vitone mna tarakimu. Anayechanganya nyekundu na kijani haioni, au anasoma nyingine, na wengi hawajijui mpaka siku hiyo. Mpeleke kwa daktari wa macho sasa, kabla hajajenga ndoto yote juu yake.

*Hesabu inanishinda, ila nina moyo wa kazi. Inatosha?*

Haitoshi, ndugu yangu. Uwanja wetu wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto limepanda na mvua bado, hewa inakuwa nyepesi: mabawa yanabeba kidogo, injini inapungua nguvu, na ndege ileile ya alfajiri inataka njia ndefu zaidi kupaa. Rubani anapiga hesabu hiyo kabla ya kuwasha injini. Akikosea, njia inaisha magurudumu yakiwa bado chini. Tafuta mwalimu wa hesabu na fizikia leo hii, na wa Kiingereza pia: tangu 2008 ICAO inawadai marubani wa safari za kimataifa kiwango cha 4 cha lugha hiyo.

*Msichana anaweza?*

Ndiyo. Sabiha Gökçen wa Uturuki alirusha ndege ya kivita mwaka 1937.

*Kuna mtu anadai dola 300 ili aandike jina la kijana wangu. Ana miaka 16. (Baba, Ruashi)*

Baba, usimpe hata moja. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza jeshini aliye chini ya miaka 18. Mtoto abaki shuleni mpaka diploma ya Serikali iwe mkononi mwake.