Shokapu ya lori ikichoka, tairi ndo inakuwa ya kwanza kusema

Habari za safari wakuu. Leo nataka niongelee shokapu za lori, wengine mnaita shokomzoba, maana wiki hii nimekaa na vijana wawili hapa pakingi Tabora, mmoja analalamika gari inamlia tairi za mbele na kila fundi anamwambia alaimenti, yani tairi hazijanyooka sawa, nikainama nikaangalia nikajua hapa hakuna cha alaimenti, ni yale yale yaliyonikuta mimi.

Mimi ruti ya Tabora Kigoma nimeipiga miaka mingi, unaenda na simenti unarudi na chumvi ya Uvinza au mawese, na nimeanza enzi kile kipande cha Malagarasi mpaka Uvinza bado ni vumbi tupu. Anaeijua njia ya vumbi anajua, shimo sio adui mkubwa, shimo unaliona unapunguza mwendo au unalikwepa. Kinachomaliza gari ni vile vijituta vya mfululizo kama bati la nyumba, kilomita na kilomita, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, alafu mbaya zaidi ni ukiwa mtupu, maana gari tupu tairi zinadunda kuliko ikiwa na mzigo.

Sasa watu wengi wanadhani shokapu inabeba uzito. Haibebi. Uzito unabebwa na springi, shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kunesa baada ya kukanyaga kitu. Ndani kuna pistoni inapita kwenye oili, oili inalazimishwa kupenya kwenye vitundu vidogo sana, ule ubishi wake ndo unaozima mdundo na mdundo unageuka kuwa joto. Hilo joto lishike kichwani, nitalirudia.

Kilichonikuta ni hivi. Shokapu haifi siku moja kama balbu, inachoka kidogo kidogo, na wewe unaeendesha kila siku mwili unaizoea kila hatua, kwaiyo unakuwa mtu wa mwisho kujua. Aliyeniambia kwanza ni utingo mpya, wiki yake ya kwanza, tumevuka Urambo akaniuliza "kaka hii gari mbona inaogelea?" Nikamjibu ndo ilivyo, gari kubwa zinakuwa hivyo. Kumbe yule kijana katoka kwenye gari nzima, anaona tofauti, mimi nilishapoteza kipimo. Mpaka leo mtu mgeni akipanda akasema kitu kuhusu gari, nasimama nasikiliza.

Baada ya hapo tajiri akaweka tairi mpya mbele, zote mbili. Haikuisha miezi mitatu zimekula vibaya. Nikapeleka alaimenti, hela ikaenda, hali ile ile, nikapeleka tena sehemu nyingine. Ndo safari moja nimeshusha mzigo Kigoma nikapita kwa mzee mmoja fundi wa magari makubwa pale Mwanga, nikamwamkia shikamoo nikamweleza, wala hakuchukua spana. Alichuchumaa mbele ya tairi akapapasa kwa kiganja taratibu kuzunguka, alafu akanishika mkono akaniambia papasa na wewe kijana. Nikapapasa. Unasikia bonde, kilima, bonde, kilima, kama unapitisha mkono kwenye matuta ya matembele, kila baada ya kama shibiri moja pamelika. Akaniambia alaimenti ikikosea tairi inakula upande mmoja, ndani au nje, na ukipapasa mara nyingi unasikia ncha kama msumeno. Ikila kwa mabonde namna hii ujue tairi inaruka, inagusa barabara inaachia, inagusa inaachia, na pale inapogusa ndo inajikwangua. Beringi za habu, pale katikati ya gurudumu, zikilegea au tairi isipobalansiwa nayo inaweza kukupa mabonde, akanyanyua na jeki akatikisa, habu iko imara. Akasema basi angalia shokapu.

Nikamwambia mzee hazivuji. Na kweli zilikuwa hazivuji, hapo ndo nilipokuwa najidanganya muda wote, nilikuwa naamini bila oili kumwagika shokapu ni nzima. Akaniambia ukirudi, ukishakula vumbi kama nusu saa hivi simama, zima gari, shika shokapu zote za mbele kwenye mwili wa chini ulinganishe. Na akanionya nianze na mgongo wa mkono, nisikandamize kiganja, maana nzima inaweza kuwa ya moto ya kuunguza, na nikae mbali na ekzosi na breki.

Nikasimama kabla ya daraja la Malagarasi. Ya kulia moto, nilirudisha mkono haraka. Ya kushoto baridi, ina joto la hewa tu, sawa na chuma cha chesesi pembeni yake. Yani nusu saa ya bati yule hajafanya kazi yoyote, pistoni inapanda inashuka bure ndani. Nzima lazima ipate moto, baridi imekufa. Ila ukifanya kipimo hiki kwenye lami laini utadanganyika, hakuna mdundo hakuna joto. Na kile kipimo cha gari ndogo cha kukandamiza boneti uone inanesa mara ngapi kwenye lori sahau, nani ataikandamiza.

Tulipozitoa safari iliyofuata, mzee akanipa ile ya kushoto nisukume kwa mkono. Ikazama kama pampu ya baiskeli iliyoisha washa, hakuna ubishi kwenda wala kurudi. Tukabadilisha zote mbili, na hapa tajiri alitaka kubishana eti ya kulia bado ni nzima, lakini usiweke mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili kwenye ekseli moja, gari itakuwa na miguu miwili isiyolingana, kwenye breki ya ghafla utaiona. Nilimpigia hesabu ya tairi mbili na alaimenti mbili akanyamaza.

Kuhusu oili. Ukiona umande mwembamba juu ya shokapu uliokamata vumbi usikimbilie kubadilisha, kidogo hivyo ni kawaida, oili kidogo inatoka kwenye sili kulainisha ile fimbo. Chukua kitambaa futa ikauke kabisa, piga safari moja, angalia tena. Ukikuta mchirizi umeshuka mpaka chini unadondoka, hiyo basi tena. Hakikisha tu sio oili ya pawa stelingi au ya habu imerushiwa pale. Vitu vingine havihitaji hata kipimo, fimbo imepinda, mwili umebonyea, bushi, ile mipira ya kwenye vishikio, zimeliwa mpaka unasikia kong kong ukipita tuta, au kishikio kina ufa, hapo badilisha.

Watengenezaji wengi wanataja kubadilisha kwenye kilomita 240,000 hivi, lakini hizo ni kilomita za barabara nzuri. Kwa gari inayoingia vumbi za huku kwetu mimi naanza kuzitilia shaka kwenye nusu ya hapo, na kupapasa tairi napapasa kila safari.

Utasikia watu wanasema fulani alizitoa kabisa na gari inatembea. Inategemea. Tela nyingi za springi za majani mengi, vile vyuma bapa vilivyopangwa, hazina shokapu toka kiwandani, majani yanasuguana yenyewe na ule msuguano unatuliza. Lakini mbele, hasa zile springi za majani mawili matatu manene, hakuna msuguano wa maana, zinaitegemea shokapu, ukitoa unaendesha mpira. Na kwenye ekseli za upepo, zile zinazokalia maputo ya hewa badala ya springi, ndo usithubutu, maana pale shokapu mara nyingi ndo inayozuia puto lisivutike kupita kiasi gari ikiangukia shimoni, ikikatika puto linafuata. Kuna na zile ndogo za kebini, usizisahau, ukiona mgongo unauma kuliko zamani anzia hapo.

Ukinunua peleka ya zamani dukani ulinganishe urefu ikiwa imebana na ikiwa imevutika, fupi itang'oa kishikio kwenye shimo la kwanza, ndefu itagonga mwisho. Zile za kuchomelewa na kujazwa oili upya mimi sinunui, gari ina tani za mizigo ya watu. Kabla ya kufunga isimamishe wima ipampu mara tano sita mpaka uisikie nzito kotekote, upepo utoke, maana hizi huwa zinalazwa stoo. Na bolti za bushi kaza mwisho gari ikiwa imekanyaga chini na sio inaning'inia kwenye jeki, la sivyo bushi inajikunja muda wote na haitakaa.

Yule kijana wa pakingi nilimpa hicho kipimo cha mkono, alikuwa anaingia vijijini Urambo kubeba tumbaku, vumbi la kutosha. Jana jioni kanipigia, "kaka, zote mbili baridi."