Ukaimu mpaka lini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni mwalimu wa mpira hapa Mwanza. Msimu uliopita kocha wetu mgeni aliondoka katikati ya ligi nikapewa timu kama kaimu, tukapambana mpaka tukabaki Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu. Sasa nasikia viongozi wanamleta mzungu, mi nirudi kuwa msaidizi, eti nimsaidie kuzoea mazingira. CV yake nimeiona, ya kawaida tu. Hii ni rangi au mi ndo sijui kujiuza?
Mwalimu, Igoma

JIBU: Marahaba mwalimu. Rangi ipo, tusidanganyane, ila inajificha kwenye huo ukaimu. Timu ikiwa hoi mswahili anafaa, ikitulia tu hafai tena.

Mcheki kocha mzawa Juma Mgunda, 2022 alichukuliwa Coastal Union akapewa Simba baada ya kocha mgeni Zoran Maki kusepa, akawatoa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto, Simba ikaingia makundi Ligi ya Mabingwa, na bado Januari 2023 akaletwa Mbrazil Robertinho. Ivory Coast ndo kichekesho kabisa, walipigwa 4-0 kwao na Guinea ya Ikweta, kocha wao Mfaransa Gasset akaondoka, wakamwachia timu msaidizi wake Emerse Faé huku wanahangaika kuwaomba Wafaransa wawaazime Hervé Renard, kocha wa timu yao ya wanawake, Wafaransa wakagoma, basi Faé huyohuyo akabeba kombe la AFCON Februari 2024.

Usidhani ni Afrika tu. Marekani kwenye NFL, ligi yao ya futiboli ya Kimarekani, zaidi ya nusu ya wachezaji ni weusi ila makocha wakuu weusi ni wa kuhesabu, ndo maana 2003 walianzisha kanuni inaitwa Rooney Rule, timu ikitafuta kocha mkuu lazima imfanyie intavyuu hata mtu mmoja asiye mzungu, baadaye wakapandisha wakawa wawili. Kanuni safi, ila 2022 kocha mweusi Brian Flores akaenda mahakamani akidai anaitwa kujaza fomu tu, maana siku 3 kabla ya intavyuu yake na New York Giants alipata meseji za pongezi kutoka kwa kocha mkongwe Bill Belichick, kumbe mzee kachanganya Brian, alidhani anamwandikia mzungu Brian Daboll, na kweli Daboll ndo akapewa kazi. Giants walikana.

Sasa na wewe usije ukamchukia mzungu wa watu bure. Nabi ni mgeni, Mtunisia, na aliifikisha Yanga fainali ya Shirikisho 2023, nani atabisha? Ila hapahapa Kirumba tuliona Pamba wanaanza Ligi Kuu 2024/25 na Mserbia Goran Kopunovic, ngoma ikagoma, akaitwa mzawa Minziro na timu haikushuka. Hayo ndo ya kuwakumbusha viongozi wako, pamoja na pointi zako wewe, mechi kwa mechi, kwenye karatasi.

Nenda ofisini kabla mgeni hajasaini, sio baada. Omba nawe ufanyiwe intavyuu ya ukocha mkuu, na uliza nani atakaa mezani siku hiyo, maana kama wameshakubaliana kwa simu utakuwa Flores wa Igoma. Wakikataa na ukaamua kubaki msaidizi, basi mkataba uandikwe kwamba mgeni akiondoka tena katikati unakuwa kocha mkuu mpaka mwisho wa msimu, kwa mshahara wa kocha mkuu, sio posho ya nauli na ahsante. Na leseni yako ikiwa bado ndogo, kozi za TFF zikitangazwa jaza fomu mapema bana, wasipate pa kukushikia.