Kuchora Visanduku Juu ya Picha za Angani: Je, Mshahara Wake Ni Halali?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 26, mkaazi wa Eastleigh. Nimeajiriwa na kampuni moja hapa Nairobi ambapo kazi yangu ni kutazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuzungushia kisanduku kila gari, jengo na mtu, kisha kuandika jina lake, ili kompyuta ijifunze kuvitambua yenyewe. Hatuambiwi mteja ni nani, na tumetia saini mkataba wa kutunza siri. Mwanzoni zilikuwa picha za mashamba na barabara. Tangu Ramadhani iliyopita tunaletewa picha za usiku zisizo na rangi, watu wakionekana weupe juu ya ardhi nyeusi. Wiki jana nilipata mtu aliyebeba kitu kirefu begani. Katika orodha ya majina tuliyopewa hakuna jembe wala mwiko wa kusongea. Kuna "silaha" na "kisichojulikana," na msimamizi ametuonya kwamba "kisichojulikana" zikizidi tunakatwa malipo. Nashuku picha hizi ni za ndege za kivita zisizo na rubani. Ustadhi mmoja ameniambia mimi ni kibarua tu, na dhambi, kama ipo, ni ya anayebonyeza kitufe. Ninalipa kodi ya nyumba ya mama na karo ya wadogo zangu wawili. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, swali lako nililisoma baada ya Isha na sikuweza kulijibu usiku huo, kwa sababu kila nilipofumba macho nilimwona yule mtu mweupe na kitu chake begani, na mimi pia sikujua amebeba nini.

Uharamu wa kuua nafsi pasipo haki hauhitaji kuelezwa kwako, wala sitaurefusha. Kinachonishughulisha ni jawabu ulilopewa, kwa kuwa nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja hapa mjini, na linapambwa kwa maneno ya fikihi yanayomtisha asiyesoma. Wenye rai hii hushika kanuni inayojulikana, kwamba wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwendea mtendaji. Mfano wa vitabuni ni mtu aliyechimba shimo, kisha mwingine akaja akamsukuma mtu ndani yake. Anayebeba damu ni aliyesukuma. Wengine huongeza hadithi sahihi isemayo kwamba jeraha la mnyama halina fidia, wakidai kwamba mashine ni kama mnyama.

Kanuni ni ya kweli na hadithi ni sahihi, ila vyote viwili vimewekwa pasipo mahali pake. Aliyesukuma katika mfano wa shimo ni mtu mwenye akili, anayeandikiwa mema na mabaya yake. Akili unde, yaani hiyo kompyuta iliyofunzwa kutambua vitu, haiandikiwi kitu, haisimamishwi mbele ya Mola wake wala haiulizwi, na ukiifanya ndiyo mtendaji umeitupa damu ya mtu mahali ambapo haina wa kuijibia. Ama mnyama asiyedaiwa fidia ni yule aliyejeruhi bila ya mtu kumwelekeza; mwenye kumwachilia mbwa wake amrarue jirani hajawahi kusalimika kwa hadithi hiyo.

Laiti wangefungua mlango wa uwindaji, wangeikuta mas'ala hii ikiwangoja kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda ambao sisi tumewafunza, katika yale aliyotufunza Yeye. Mbwa ndiye anayekimbia, anayenusa na anayekamata, na mwindaji huenda yuko nyuma ya kilima wala haoni kitu. Hata hivyo bismillahi inatakiwa kwa mwindaji wakati wa kumtuma, na kitendo kinahesabiwa kuwa ni chake, kwa kuwa mbwa aliyefunzwa ni mkono wa aliyemtuma. Wewe, mwanangu, kazi yako ndiyo hiyo ya kufunza. Kila kisanduku unachochora ni somo analopewa mbwa ambaye hujui nani atamtuma wala atatumwa kwa nani.

Tazama pia alichoambiwa Adiyy bin Hatim, radhi za Allah zimshukie, alipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu uwindaji. Aliambiwa kwamba akimkuta mbwa mwingine pamoja na wake, asile, kwani jina la Mwenyezi Mungu alilitaja juu ya mbwa wake na hakulitaja juu ya yule wa pili; na akimkuta mnyama ametumbukia majini, asile, kwa kuwa hajui ni maji yaliyomuua au ni mshale wake. Huyu ni sungura au paa. Shaka kidogo tu, na nyama inaachwa porini. Basi ni fikihi gani hii inayotaka yakini zaidi kwa nyama ya sungura kuliko kwa mwanadamu aliyebeba jembe lake usiku?

Shaka hii si ya kubuni. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, wanajeshi wa Marekani walilifuatilia gari moja jeupe kwa saa nyingi kupitia ndege isiyo na rubani, wakaona watu wakipakia vitu walivyodhani ni vya kulipulia, wakalipiga. Vilikuwa vyombo vya maji. Waliuawa watu 10 wa familia moja, 7 kati yao watoto, na tarehe 17 Septemba jeshi lenyewe likakiri kwamba lilikosea. Hapo waliotazama ni wanadamu, wenye macho na muda. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 94, waumini waliotoka vitani wameamrishwa wahakikishe kabla ya kumgusa mtu, na Usama bin Zayd alipomuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga, Mtume (SAW) alimuuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa mtu yule akajua kilichomo. Usama alikuwa naye uso kwa uso.

Wala nisieleweke kwamba ubaya ni wa Marekani peke yake. Sudan, nchi ya Waislamu, droni, yaani ndege isiyo na rubani, ilipiga msikiti huko El Fasher tarehe 19 Septemba 2025 katika sala ya alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 70. Na wapo wanaosema ndege hizi huwamaliza wauaji kama wale walioingia jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na hoteli ya Dusit mwaka 2019, hapa Nairobi. Haki ya watu kulindwa na wauaji hao siikatai. Ninachokataa ni kumwita mtu muuaji kwa umbo la kivuli chake. Chombo chenyewe hakina uharamu. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege zisizo na rubani hupeleka damu hospitalini, na anayezifundisha njia hizo namwombea kheri.

Kuhusu umbali wako na kitufe, umbali haumtoi mtu katika hesabu. Mtume (SAW) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwandishi yule hakula hata senti ya riba. Wafanyakazi wa Google, ambao wengi wao si wa dini yetu, waliliona jambo hili mwaka 2018, pale maelfu yao walipotia saini barua ya kupinga mradi wa Maven wa wizara ya ulinzi ya Marekani, uliokuwa wa kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika video za droni, na kampuni ikaamua kutouhuisha mkataba. Baadaye iliripotiwa kwamba baadhi ya picha za mradi huo ziliwekewa alama na vibarua wa mitandaoni ambao hawakuambiwa ni za nini. Kwa hiyo shaka yako si wasiwasi wa shetani.

Hukumu yako basi ni hii. Mshahara uliokwisha kuupokea hali hujui ni wako, usijitese nao. Ukipata yakini, au dhana yenye nguvu, kwamba picha hizi zinafundisha silaha inayopiga kwa kukisia, ni haramu kuendelea nazo, kwa aya ya 2 ya Al-Maida inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kwa sasa uko katika shubuha, yaani jambo lenye shaka kati ya halali na haramu, na wajibu wako ni kuuliza: mwandikie msimamizi barua ya heshima, uliza matumizi ya picha, na uombe urudishwe kwenye zile za mashamba. Usizitoe picha nje kwa hasira. Zimewekwa mikononi mwako kwa amana.

Lakini liko moja lisilongoja barua. Kisanduku chako ni ushahidi. Ukiandika "silaha" juu ya kitu usichokijua ili usikatwe malipo, umetoa ushahidi wa uongo dhidi ya mtu asiyejua hata kwamba ametazamwa, na Sura ya Al-Israa, aya ya 36, imesema kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Kuanzia zamu yako ya kesho, usichokijua kiandike "kisichojulikana," hata zikiwa mia kwa siku, na wakikukata, wakukate.

Nakujua huna akiba. Kijana anayelipa kodi ya mama yake na karo ya wadogo zake mjini Nairobi hana akiba. Sikwambii uamke kesho uache kazi na watoto warudishwe nyumbani kwa karo. Tafuta kazi nyingine kuanzia leo, na muda huo uwe wa wiki, usiwe wa miaka, kwa sababu kila mwezi ukipita moyo unazoea. Mama yako mweleze mapema, ukiwa umekaa naye chini, asije akasikia kwanza kutoka kwa mwenye nyumba. Karo ya muhula huu wa wadogo zako niachie mimi na jamaa wa msikitini. Njoo Alhamisi baada ya Alasiri, uje na barua ya shule na nakala ya mkataba wako, tuvisome pamoja.

Wallahu aalam.