Sikohoi, Lakini Kila Alfajiri Natoa Makohozi

Mwaka 2019 nilikuwa nasubiri upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Wakanipiga picha ya kifua, utaratibu wa kawaida tu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Sikuwa nakohoa. Nilikuwa nafundisha vipindi vitano kwa siku, napanda ngazi za shule bila kuhema, na gauni zangu zilinikaa vilevile. Picha ikarudi na kivuli upande wa kulia.

Nilishaugua kifua kikuu mwaka 2008 na kumaliza dozi ya miezi sita. Kwa sababu hiyo, walioona kile kivuli hawakusubiri kipimo kingine, wakanianzishia dawa za TB upya. Nilizimeza wiki tatu, mkojo umekuwa rangi ya machungwa, na nyumbani kikombe changu kimetengwa peke yake juu ya friji. Ndipo majibu yakaja kwamba kipimo cha GeneXpert, kinachosaka vinasaba vya TB kwenye makohozi, hakikuona TB. Makohozi yakapelekwa kuoteshwa maabara Dar es Salaam, na baada ya wiki kadhaa sampuli mbili zilizotolewa siku tofauti zikaota kimelea kiitwacho Mycobacterium avium.

Kimelea hiki ni cha ukoo mmoja na cha TB, ila makazi yake ni udongoni na majini, hata kwenye mabomba ya maji yaliyotiwa klorini. Kwa kawaida hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. (Kikombe kilirudi kabatini siku hiyohiyo, mimi mwenyewe nilikirudisha.) Hupenda mapafu yenye jeraha la zamani, na kwangu TB ya 2008 iliacha baadhi ya njia za hewa zimetanuka na kulegea. Hali hiyo madaktari huiita bronkiektasisi.

Daktari bingwa wa kifua alinieleza kwa utulivu. Dawa zipo, tatu kwa pamoja, na humezwa hadi miezi 12 ipite tangu makohozi yawe safi. Zinaweza kusumbua ini, macho na masikio. Kwa kuwa sikuwa na homa, sikupungua uzito, na picha haikuonyesha tundu kwenye pafu, alisema, "Mwalimu, dawa tuziweke pembeni kwanza, tukufuatilie. Kazi yako ni kusafisha kifua kila siku."

Nikamjibu kwamba sina makohozi ya kusafisha, yale ya kipimo yalitoka kidogo tu kwa kujilazimisha. Niliamini hivyo kabisa.

Akanipeleka kwa dada wa fiziotherapia, binti mdogo mwenye sauti ya chini. Hakubishana nami. Aliniweka kitini, akalaza kiganja chake kwenye mbavu zangu za kulia, chini kidogo ya titi, akaniambia nivute pumzi hadi niusukume mkono wake. Nikavuta, nikashikilia, nikaachia. Tukarudia. Halafu akaniambia niachame na kutoa "haaa" ndefu, kama mtu anayetia ukungu kwenye miwani kabla ya kuifuta. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya nne akasema, "Umeisikia?" Kweli, chini ya kiganja chake kulikuwa na mtikisiko mdogo, kama uji unaoanza kuchemka. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimetema kwenye kikopo makohozi ya kijani, mazito, kiasi cha kijiko cha chai. Nilikitazama kile kikopo kwa muda mrefu. Vitu vile vilikuwa ndani yangu asubuhi hiyo nilipomwambia daktari kwamba sina makohozi.

Kwenye pafu lenye afya kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute kwenda juu mchana na usiku, nasi tunaumeza bila kujua. Njia ya hewa ikitanuka, vinyweleo hivyo hufa au huzidiwa, na ute hutuama pale kama maji kwenye mfereji uliobonyea. Vimelea hustawi kwenye ute huo, mwili hupigana navyo, na vita hiyo huzidi kuitanua njia ya hewa. Yote haya yanaweza kuendelea wewe ukiimba kwaya.

Sasa nieleze ninavyofanya, maana wanaoniuliza wengi hudhani ni kukohoa kwa nguvu. Naamka alfajiri kabla ya kula chochote, kwa sababu kifua hakisafishwi tumbo likiwa limejaa. Nakunywa glasi ya maji ya uvuguvugu. Nalalia ubavu wa kushoto nikiegemea nyuma kidogo kwenye mto, maana sehemu yangu iliyoharibika ni ya katikati, pafu la kulia, na kwa mkao huo ute hutiririka kutoka pale. Wewe mkao wako utaambiwa kulingana na picha yako, usiige wangu. Kwanza napumua taratibu, mabega yamelegea, mkono juu ya tumbo. Kisha navuta pumzi ndefu tatu au nne kwa pua, kila moja naishikilia kwa sekunde tatu, naiachia bila kuisukuma. Hapo pa kushikilia msiparuke. Hewa hupata nafasi ya kupenya nyuma ya ute, na hiyo hewa ndiyo itakayousukuma. Narudi kupumua taratibu. Ndipo naachama na kutoa "haaa": kwanza kwa pumzi ndogo na ndefu, ute ukiwa bado mbali; nikisikia umepanda, kwa pumzi kubwa na fupi. Kikohozi kinakuja mwisho, kimoja tu, cha kuutoa. Nazungusha hivyo dakika kumi na tano hadi ishirini, na naacha pale "haaa" mbili mfululizo zinapotoka kavu.

Jioni natumia chupa, kwa kazi ileile ya kutoa ute. Ni chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, maji ya kina cha sentimita 10, na mrija safi wa mpira wenye upana wa kidole kidogo unaofika chini. Napuliza mapovu taratibu na kwa muda mrefu. Mdomo wa chupa uwe mpana kuliko mpira ili hewa itoke, na usivute hewa kupitia mpira huo hata kidogo. Maji nayachemsha, nayabadilisha kila siku, na vyombo vyote navikausha vizuri. Itakuwa ajabu kupambana na kimelea cha majini kwa maji yaliyolala chupani wiki nzima.

Na jamani, ile azithromaisini, vile vidonge vitatu vya siku tatu vinavyouzwa kila duka la dawa kama pipi! Dawa ya jamii hiyo ndiyo nguzo ya tiba ya kimelea hiki. Ukiimeza peke yake kila upatapo mafua, kimelea hujifunza kuishinda, na siku utakayohitaji tiba kamili mkono wako utakuwa mtupu. Mwambie muuza dawa una nini. Ukiona damu kwenye makohozi, homa za jioni, jasho la usiku au mwili unapungua, usiongeze mazoezi nyumbani, nenda hospitali. Hata bila dalili hizo mimi hupeleka makohozi kila baada ya miezi sita, kwa sababu kutojisikia mgonjwa kulishanidanganya mara moja.

Kwa akina mama wenzangu naongeza moja. Tumelelewa kwamba mwanamke hatemi mbele za watu, kwa hiyo tunameza. Beba kikopo chenye kifuniko. Mwaka jana nilikwenda msibani Korogwe, tukalala wanawake tisa chumba kimoja. Siku ya kwanza niliruka zoezi kwa aibu, na ya pili pia. Siku ya tatu nilitoka gizani na kitenge changu, nikakaa chini ya mfenesi nyuma ya jiko nikaanza "haaa" zangu. Shangazi akanikuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

Nikamweleza yote, hata jina la kimelea. Alisikiliza, akaingia jikoni, akarudi na kigoda na kikombe cha maji ya moto. "Kalia hiki, usikae kwenye umande," akasema, kisha akaenda kuwasha moto wake upande wa pili, ili moshi usinifikie.