Barua kwa mwanangu: muulize dereva kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako alikuwa pembeni, na ndiye aliyeniambia niache kusikiliza nishike kalamu. Umeuliza hivi: umekaa miaka sita kwenye uhasibu wa kiwanda, sasa kampuni ya wakaguzi wa nje imekuita, lakini wanataka uanze chini, mshahara upungue laki tatu na nusu, na msimamizi wako awe kijana uliyemzidi miaka mitano. Uende au usiende?

La mshahara nalimaliza upesi, kwa kuwa halininyimi usingizi. Una mkopo wa benki, una ada ya mtoto. Piga hesabu ya miezi kumi na minane, siyo ya mwezi mmoja, maana mwezi mmoja kila mtu huvumilia. Mjukuu tunaweza kumchukua likizo zote, ada hatuiwezi. Basi.

Hilo la kijana ndilo lililonifanya nizunguke uani na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Wewe unaogopa kuamrishwa na mdogo wako. Mimi nilichosikia ni kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba mwanangu anataka kuhamia upande wa pili wa meza. Mimi wakaguzi nawajua, miaka 31 nawajua, lakini nawajua kwa upande wa kuulizwa.

Ya robota 48 za katani, yale matita makubwa ya nyuzi za mkonge, mnayajua. Kila Idi nayasimulia, mpaka kaka yako siku hizi anayamalizia kabla yangu. Nivumilie niyasimulie tena, kwani kuna kipande ambacho hamjawahi kukisikia.

Ilikuwa Juni 1986, pale shambani kwenye mkonge, kabla hatujahamia nyumba hii. Mwaka wa hesabu ulikuwa unafungwa tarehe 30, Jumatatu. Mkonge ulikuwa umeshuka vibaya, nyuzi za plastiki zilishatunyang'anya wanunuzi. Nchi iliyotoa tani 230,000 mwaka 1964 ilikuwa inahesabu robota kama mzee anavyohesabu meno yaliyobaki. Ndiyo maana robota moja kupotea ilikuwa kesi. Robota moja la katani ni kilo 250. Hayo 48 ni tani 12, lori na tela lake.

Jumamosi tarehe 28, alasiri, lori lilipakia robota 48 likaondoka kwenda bandarini Tanga. Karani wa ghala akaandika hati ya kutolea mzigo, ile tuliyoiita dilivari, nakala tatu, namba zimechapwa kiwandani huwezi kuzichezea. Nakala ya njano ikaja mezani kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuiingiza kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo, ili robota hizo zitolewe kwenye hesabu. Sikuiingiza. Niliitia kwenye droo nikasema nitaiingiza Jumatatu asubuhi, nikakimbilia basi la Muheza.

Jumatatu basi likaharibika njiani. Nilifika saa nane mchana, jua la utosi, nikamkuta kijana wa ukaguzi ghalani. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, ametoka Dar es Salaam, naye alikuwa anahesabu tangu saa mbili asubuhi. Leja yangu ilisema 1,140. Yeye alihesabu 1,092. Nikaenda mbio kwenye droo, nikamletea karatasi ya njano. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akanirudishia. Akasema, "Mzee, hii imetoka baada ya hesabu."

Mzee! Nilikuwa na miaka 29.

Akaandika kwenye karatasi zake: upungufu, robota 48. Meneja naye alikuwa anatafuta mtu wa kubebeshwa mambo yake mengine. Nikasimamishwa kazi wiki tatu bila mshahara. Wiki tatu nzima kijiji kizima kilijua kwamba nimeuza katani. Kuna watu waliacha kunisalimia na baadaye wakaanza tena kunisalimia kama vile hakuna kitu. Bibi yako alikwenda kulipia sukari dukani kwa sababu mwenye duka alikataa kunikopesha mimi.

Na dereva wa lori alikuwepo! Alirudi Jumanne na risiti ya ghala la bandarini, imegongwa muhuri, imesainiwa: robota 48, zimepokelewa. Aliiweka kwenye kikapu cha barua ofisini akaenda zake kula. Kijana alipita mbele ya lori lile mara nne kwa siku. Hakumuuliza. Ndiyo maana nawaambieni siku zote, muulize dereva kwanza. Najua mnanicheka. Najua ulipoibiwa simu Kariakoo nikakwambia muulize dereva wa daladala, na hukuwa umepanda daladala. Cheka, lakini nimesema.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye sikumwona hata siku moja. Bosi wa yule kijana, huko huko Dar, aliketi akasoma faili, akaandika barua yenye swali moja: namba ya dilivari ya mwisho kabla ya tarehe 30 ni ipi? Basi. Wakafungua kitabu, wakaona namba ya dilivari yangu ipo katikati, kabla ya nyingine mbili za mbao zilizotoka Jumamosi hiyohiyo na kusainiwa na watu wengine. Haikuwezekana iwe imeandikwa Jumatatu. Ninyi mna jina lake, sijui mnaita ukomo wa kipindi. Mimi naita swali la mtu aliyewahi kukaa ghalani.

Kijana hakurudi kuniomba radhi. Mwaka uliofuata alikuja mwingine.

Kwa hiyo usiende. Hapana, subiri, sijafika huko.

Nikisimulia hadithi hii huwa naishia kwa yule kijana, ninyi mnamlaani, mama yenu anagawa pilau. Tangu Jumapili najiuliza: kosa lake lilikuwa nini hasa? Hesabu yake ilikuwa sahihi. Robota zilikuwa 1,092, aligusa kila moja. Karatasi inayotoka kwenye droo ya mtuhumiwa saa nane mchana, wewe ungeiamini? Mimi nisingeiamini. Alitoka kitabuni akaenda sakafuni, kama alivyofundishwa. Hakurudi njia ile, hakutazama kitu kinachotoka nje ya geti kimeandikwa wapi, hakumuuliza dereva. Alikuwa na miaka 23 au 24 na hajawahi kupokea mzigo hata mara moja maishani mwake. Yule bosi alikuwa amewahi, ninaapa, ingawa sijui jina lake.

Wewe umewahi. Unajua mwisho wa mwezi kiwandani unavyonuka. Unajua PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa tarehe 7 na VAT tarehe 20 na mkuu wa mauzo atakuletea ankara tarehe 19 jioni akitabasamu. Uliniambia mwenyewe kwamba unajua boila imeharibika kabla fundi hajasema, kwa kuangalia leja ya dizeli. Kijana wa kukuzidi cheo hajui hilo. Akikwambia uhesabu mifuko, hesabu mifuko. Halafu nenda kwa dereva.

Lakini hapohapo najipinga. Hiyo leja ya dizeli uliijua kwa sababu umelala nayo miaka sita. Kwenye ukaguzi hutalala na kitabu cha mtu. Wiki mbili hapa, tatu kule, saa zako zinaandikwa kwenye karatasi kwa sababu mteja anazilipia, na Desemba 31 wenzako wakisubiri saa sita usiku wewe umo ghalani Mwanza au Mbeya unahesabu magunia na taa ya simu. Kuanzia Januari usitegemee kuja nyumbani mpaka ritani za kodi za Juni ziishe. Ukianza kumfahamu mhasibu wa kampuni ile, umeshaondoka. Anayebaki na ulichoandika ni yeye. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, nisiseme uongo. Naogopa utaandika "upungufu" kuhusu mtu mwenye mama anayekwenda dukani kulipia sukari, halafu utapanda basi.

Mama yako anasema mimi naandika kana kwamba wakaguzi wote ni yule mmoja. Anasema pia kwamba kama si mkaguzi ningekuwa mwizi mpaka leo. Nimemjibu kwamba kama si mkaguzi nisingekuwa mwizi hata kidogo. Tumeishia hapo.

Kuna la bodi, nalo ni zito kuliko nilivyotaka liwe. CPA yako, cheti cha mhasibu aliyefuzu, unayo, picha ya siku ile iko sebuleni. Lakini CPA ya kiwandani haisaini ripoti ya ukaguzi. Mpaka upitie kazi hiyo chini ya mwenye idhini, NBAA, hiyo bodi ya wahasibu, ikusajili kwenye daraja la kuhudumia umma, ndipo siku moja hesabu za kampuni ya mtu zitasimama kwa mkono wako. Ukibaki kiwandani utafika ukuu wa fedha, huenda na gari. Huwezi kufika pale kwenye faili, pale pa kuuliza swali moja na mtu akarudishiwa jina lake. Hilo siwezi kulikana, hata nikitaka. Na nimetaka.

Halafu nakumbuka wakaguzi nao huanguka. Ile kampuni ya ukaguzi ya Kimarekani, Arthur Andersen, ilikuwa na watu 85,000 duniani, ikafa 2002 kwa sababu ya karatasi za mteja wake Enron zilizochanwa. Mahakama yao ya juu kabisa ilikuja kuifuta hukumu mwaka 2005, hapakuwa tena na kampuni ya kurudishiwa kitu. Nilisoma habari hiyo nikamfikiria yule kijana, nikajikuta simwonei furaha kama nilivyodhani ningemwonea. Atakuwa amestaafu sasa. Huenda naye anasimulia hadithi ya ghala moja la mkonge ambamo karani mmoja alimletea karatasi ya njano huku akihema.

Sasa kile kipande.

Siku zote nimewaambia nilikimbilia Muheza kusikiliza fainali ya Kombe la Dunia redioni, Argentina na Ujerumani Magharibi, Jumapili tarehe 29 saa tatu usiku, kwa sababu shambani betri zilikuwa zimeisha. Kaka yako akiwa kidato cha pili aliwahi kuniuliza goli la tatu la Argentina lilifungwa na nani. Nikasema Maradona. Akaniambia ni Burruchaga. Nikasema basi redio ilikuwa inakoroma.

Hapakuwa na redio. Sikusikia dakika hata moja ya mpira ule. Nilikwenda Muheza kwa ajili ya mama yako, ambaye wakati huo hakuwa mama wa mtu, alikuwa anafundisha darasa la pili na alikuwa amesema Jumapili hiyo kaka yake mkubwa atakuwepo, kama nina la kusema nije nilisema. Nilikuwa nalo. Lile basi la Jumamosi lilikuwa la mwisho, na kuingiza dilivari moja kwenye leja, kwa mkono wangu, ni dakika nne. Dakika nne nilikuwa nazo. Nilizitumia kupiga pasi kola.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa la robota 48 ni la nani, nusu ni langu, na kwa miaka yote hii nimempa kijana wa watu nusu zote mbili. Na ukiniuliza kama ningeingiza ile dilivari, sijui. Basi lingeniacha. Ninajua kaka yake mkubwa alikuwa mtu wa namna gani, na wewe ulimkuta, unajua kama angesubiri wiki nyingine.

Umeuliza uende au usiende. Nina jibu. Lilikuwa mdomoni tangu Jumapili, na mara mbili nimeliandika kwenye barua hii nikauchana ukurasa. Sikupi. Ukilipata utalichukua kama ulivyochukua ushauri wangu wa lile gari bovu, halafu lawama itakaa hapa barazani na mimi. Nitakwambia siku utakapokuwa umeshawajibu wale watu, usiku huohuo, hata saa saba.

Kabla hujawajibu lakini, fanya kitu kimoja. Usiongee na mkuu wao wa ajira, huyo kazi yake ni kukuita. Tafuta yule anayewaendesha kwenda mikoani wakati wa kuhesabu mali. Wana gari, wana mtu. Mpe soda. Muulize hao vijana wakiwa wanarudi usiku kwenye gari wanawaongeleaje wahasibu waliowakagua mchana.

Ile nakala ya njano ipo. Iko kwenye sanduku la mama yako, chini ya kanga, imekunjwa mara nne, namba bado inasomeka. Ukija Idi nitakuonyesha.

Mama yako amesoma mpaka hapa na anasema hilo la kola nisikuandikie. Nimeshaandika.

Baba yako