Jibu: Mama katolewa kizazi, mbona anaambiwa na mionzi tena?
Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama kutumwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa mionzi, baada ya kutolewa kizazi kwa saratani ya shingo ya kizazi, maana yake upasuaji umeshindwa. Hapana. Dada yangu wa hapa Ngamiani, Tanga, alipita njia hiyo hiyo.

Kwanza tafuteni majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa kile kilichotolewa. Je, tezi za limfu za nyonga zina saratani? Kingo zilizokatwa zina saratani? Imeingia kwenye nyama za pembeni ya kizazi? Likiwepo hata moja, mionzi hufuata ili kuua mabaki yasiyoonekana kwa macho, na mara nyingi huongezwa dripu ya sisplatini, dawa ya kuua saratani, kila wiki. Ndiyo maana watampima figo na wingi wa damu. Kama damu imepungua, ishughulikieni mapema.

Mionzi huwa siku 5 kwa wiki, takriban wiki 5, kwa hiyo tafuteni ndugu wa kufikia Dar. Safari za Tanga zitamchosha. Na asikatishe katikati, nakuomba sana, kuruka siku hupunguza nguvu ya tiba. Akiharisha au mkojo ukimchoma, aseme pale pale, dawa zipo.