Kocha mgeni, usiape kula cheti chako

Ndugu yangu uliyekabidhiwa filimbi na timu ya vijana, kabla hujakata majina nikupe kisa cha Robert Prosinečki, kiungo wa Croatia.

Alipokuwa kijana Dinamo Zagreb, kocha wake, Miroslav Blažević, mtu wa maneno mengi, alitamka kwamba huyu akija kuwa mchezaji, yeye atakula cheti chake cha ukocha. Kijana akahamia Red Star Belgrade. Mwaka 1987, akiwa na miaka 18, akawa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana kule Chile. Mwaka 1991, mjini Bari, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Marseille ikaenda penalti. Red Star walimtanguliza yeye, akafunga, wakabeba kombe.

Mimi nimewahi kukila hicho cheti. Nilimwacha mtoto mmoja kwa sababu alikuwa mzito kurudi kukaba. Baadaye nikajua alikuwa anatembea saa nzima kuja mazoezini, tumbo tupu. Siku hizi kwenye daftari siandiki "hafai". Naandika nilichokiona na tarehe: mguu wa kushoto hautumii, akinyang'anywa mpira anasimama. Baada ya miezi mitatu namwangalia upya.

Kipaji nacho kinataka kutunzwa. Real Madrid walimchukua Prosinečki 1991, misuli ikamgomea, na msimu wa kwanza alicheza mechi za kuhesabu kwa vidole. (Sigara pia alivuta bila kujificha, hilo usiwasimulie vijana.) Mchezaji akilalamika msuli, mpumzishe hata kama kesho ni fainali. Wazazi watakununia, wazoee.

Kasi ikamwisha, mguu ukabaki. Akiwa Portsmouth ya Uingereza, na miaka 33, aliwafunga Barnsley matatu kwenye mechi iliyoisha 4-4. Ndiyo maana nusu ya mazoezi yangu ni kupokea mpira na kutoa pasi, wakati wenzangu wanawakimbiza watoto mzunguko wa uwanja.

Na Blažević? Kombe la Dunia la 1998 yeye ndiye alikuwa kocha wa Croatia, na alimwita yuleyule. Prosinečki akafunga dhidi ya Jamaica, kisha dhidi ya Uholanzi walipotwaa nafasi ya tatu. Mwaka 1990, kabla Croatia haijajitenga na Yugoslavia, alikuwa ameifungia Yugoslavia, kwa hiyo akawa wa kwanza kufunga kwenye Kombe la Dunia akiwa na mataifa mawili. Kumrudia mtu uliyemkejeli hadharani kunataka kifua.

Yule wangu nilimfuata hadi kwao. Nikakuta ameshasajiliwa mtaa wa pili, na tulipokutana nao alitufunga mawili.